Taa za SOYA zikizimwa, nani anabaki na bingwa?

Kila mwaka tukitangaza habari za usiku wa tuzo za SOYA, simu ya studio haipoi. Wengine wanataka kujua nani ameshinda. Wengine wanalalamika kwamba mchezaji wa kwao ameachwa nje. Na kuna swali moja ambalo hurudi kila mara, hasa kutoka kwa wazazi: "Hilo kombe lina pesa ngapi?"

Ni swali zuri, na wala si la tamaa. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto apate viatu vya kukimbilia ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo leo tunaeleza tuzo hizi ni nini, washindi wa tuzo za aina hii hupatikana vipi, na pesa za mwanariadha hutoka wapi hasa. Halafu tutaliongelea jambo ambalo halisemwi sana jukwaani, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii: mambo yanayomkuta bingwa akisharudi nyumbani.

SOYA ni nini?

SOYA ni tuzo za Mwanamichezo Bora wa Mwaka nchini Kenya. Zilianzishwa mwaka 2004 na Paul Tergat, mwanariadha kutoka Baringo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2003, Tergat alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathon mjini Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Kabla ya hapo alishinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Baadaye, mwaka 2017, alichaguliwa kuongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya.

Tunataja haya kwa sababu yana maana. Tuzo hizi zilianzishwa na mtu aliyekimbia mwenyewe, aliyejua inavyokuwa kushangiliwa ugenini kisha ukarudi nyumbani watu wasijue ulifanya nini. Lengo lilikuwa Wakenya wenyewe wawaheshimu watu wao, kabla ya wageni kufanya hivyo kwa niaba yetu.

Hafla hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, na mara nyingine mwaka mpya ukiwa umeshaanza. Wanaotunukiwa si wanariadha wa mbio peke yao. Kuna tuzo za wanaume na za wanawake, za wanamichezo wenye ulemavu, za timu, za makocha, na za chipukizi.

Mshindi hupatikana vipi?

Duniani kote, tuzo za namna hii huamuliwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni jopo: watu wachache wanaofuatilia michezo hukaa, wakapitia matokeo ya mwaka mzima, wakapiga kura. Ya pili ni kura za umma, ambazo siku hizi hupigwa kwa simu.

Kila njia ina kasoro yake. Jopo linaweza kupendelea michezo ambayo wajumbe wake wanaijua. Kura za simu nazo humpendelea mwenye jina kubwa, na anayetoka mahali penye watu wengi wenye bando. Bondia hodari au mrusha mkuki anayefanya mazoezi peke yake hana mashabiki wa kumjazia kura.

Mfano ni Julius Yego. Huyu alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, kwa sababu hakuwa na kocha wa mchezo huo. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Kabla ya Beijing, ni Wakenya wangapi wangempigia kura? Hapo ndipo tuzo ina kazi yake: kuwaonyesha watu mchezo ambao hawakuwa wakiutazama.

Tena kuna watu ambao hawaonekani hata bingwa akishinda. Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona, alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu mjini Sydney mwaka 2000. Mwelekezi wake alikuwa mgonjwa siku ile, akaishiwa nguvu kabla ya kumaliza, na ikabidi Wanyoike ndiye amvute hadi kwenye mstari. Mkimbiaji asiyeona hawezi kukimbia bila mwelekezi. Ukitazama orodha yoyote ya tuzo, jiulize mwelekezi, mwalimu wa michezo na mkunga wa misuli wameandikwa wapi.

Turudi kwenye pesa

Sasa tujibu lile swali. Kombe la usiku wa tuzo, hata likija na zawadi, si chanzo kikubwa cha mapato ya mwanariadha. Pesa zake hutoka kwingine.

Kwanza, mashindano yenyewe. Mshindi wa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha hulipwa dola 70,000 na shirikisho la dunia. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kwa mara ya kwanza shirikisho hilo liliwalipa washindi wa dhahabu za riadha dola 50,000. Marathon kubwa za miji nazo zina zawadi zake.

Pili, kampuni za viatu na mavazi. Hizi hutia saini mkataba na mwanariadha, na mara nyingi mkataba una masharti: usipokimbia kiasi fulani, malipo hupungua. Jeraha moja la mguu linaweza kukata mapato ya mwaka mzima.

Tatu, ajira. Wanariadha wetu wengi wameajiriwa katika polisi, jeshi na magereza. Huo ni mshahara wa kila mwezi, na baadaye pensheni. Ndiyo maana vijana wengi huwania sana kuingia huko.

Nne, zawadi za serikali. Mwezi Juni 2023, Faith Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 na ya mita 5,000 ndani ya wiki moja. Rais William Ruto alimpa shilingi milioni 5, pamoja na shilingi milioni 6 za nyumba.

Kwa hiyo mzazi aliyeuliza apate jibu hili: kombe lenyewe si utajiri. Lakini linaweza kumfanya mtoto wako ajulikane, na kujulikana kuna faida na kuna hatari. Tuanze na faida.

Umeme uliokuja nyuma ya medali

Mwaka 2016 Kipyegon alipokwenda Rio, kijijini kwao Keringet, Kaunti ya Nakuru, hapakuwa na umeme. Baba yake aliomba hadharani uletwe. Binti alishinda dhahabu ya mita 1,500, na umeme ukaletwa.

Tulifurahi sote. Lakini tukae tuitafakari habari hiyo. Umeme ni huduma ya wananchi. Haukupaswa kusubiri msichana akimbie mizunguko mitatu na robo tatu mbele ya dunia nzima. Na kile kijiji cha jirani ambacho hakikuzaa bingwa, kitapata lini?

Tazama pia habari ya Kelvin Kiptum. Oktoba 2023 alikimbia marathon ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye, tarehe 11 Februari 2024, alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Serikali ilijenga nyumba ya familia yake kwa siku chache tu, ikawa tayari kabla ya mazishi.

Nyumba inaweza kujengwa kwa wiki moja, basi. Tumeona kwa macho yetu. Swali ni kwa nini heshima yetu hungoja mtu ashinde kabisa, au afe, ndipo ije mbio.

Wanawake ndio wanaobeba medali

Kuna hesabu moja tungependa uishike, msikilizaji, hata ukisahau nyingine zote.

Olimpiki ya Paris 2024 Kenya ilipata dhahabu 4. Tatu zililetwa na wanawake wawili: Beatrice Chebet katika mita 5,000 na 10,000, na Kipyegon katika mita 1,500. Ya nne ni ya Emmanuel Wanyonyi, mita 800.

Mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, Kenya ilipata dhahabu 7. Sita ni za wanawake: Chebet mbili, Kipyegon, Lilian Odira wa mita 800, Faith Cherotich wa kuruka viunzi na maji, na Peres Jepchirchir wa marathon. Wanaume walipata moja, ya Wanyonyi. Kila mbio ya wanawake kuanzia mita 800 hadi marathon ilishindwa na Mkenya.

Wengine kati yao ni akina mama. Kipyegon alijifungua mtoto mwaka 2018, akarudi mazoezini, na akatetea dhahabu yake ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya hii nyingine.

Tarehe 12 Septemba 2021, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 nchini Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa amekufa nyumbani kwake Iten, akiwa na majeraha ya kisu. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana shtaka hilo.

Tarehe 1 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathon ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa Eldoret. Alikuwa na miaka 33. Baba yake alieleza kwamba ugomvi ulikuwa juu ya ardhi ambayo binti yake alinunua na kujenga.

Wote wawili walishambuliwa nyumbani, mahali ambapo mwanariadha anapaswa kupumzika baada ya mashindano. Wote walikuwa wamejitafutia mali kwa miguu yao wenyewe. Ndiyo hatari tuliyoitaja: jina likishakua, wapo wanaokuja kwa ajili ya jina, na wengine kwa ajili ya pesa. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoka shuleni juzi hana wa kumwambia nani ni nani.

Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha na jamaa zake waliunda kikundi cha Tirop's Angels kupigana na ukatili dhidi ya wanawake. Tunakipongeza. Lakini kikundi cha wanariadha hakiwezi kulala kwenye kila boma. Kwenye boma wapo wazazi, majirani, wazee wa nyumba kumi na chifu. Wapo wasikilizaji wetu.

Mambo ya kufanya kabla kombe halijafika

Haya tumeyakusanya kwa sababu mnatuuliza, na hayahitaji kusubiri serikali.

Akaunti ya benki iwe kwa jina la mwanariadha mwenyewe. Kama ni mtoto, mzazi asimamie, lakini hesabu iandikwe na mtoto aione. Meneja au kocha asiwe ndiye mwenye kadi na namba ya siri.

Mkataba usitiwe saini siku ulipoletwa. Uulize umeandikwa kwa miaka mingapi, meneja anakata asilimia ngapi, na nini kitatokea mwanariadha akiumia au akipata mimba. Kama lugha ni ngumu, mtafute wakili au mwalimu mnayemwamini asome polepole. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Shamba likinunuliwa, nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi kwanza, mjue mwenyewe halisi ni nani. Ardhi ya kilimo huhitaji ridhaa ya bodi ya kudhibiti ardhi, kwa hiyo karatasi ya makubaliano iliyoandikwa sokoni haitoshi. Hati itoke kwa jina la aliyelipa, au majina ya wote wawili kama ni mke na mume na wamekubaliana. Pesa za binti zisinunue shamba kwa jina la mtu mwingine eti kwa sababu yeye yuko safarini.

Dawa yoyote, hata ya kifua, iulizwe kabla ya kumezwa. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, aliyevunja rekodi ya marathon ya wanawake mjini Chicago mwaka 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, alifungiwa miaka mitatu baada ya kukutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Mtu anaweza kushangiliwa mwaka huu na kufungiwa mwaka ujao. Kijana wako akiletewa sindano au vidonge na mtu asiye daktari, kataeni, na muulizeni daktari dawa hiyo ni ya nini.

Na la mwisho, kubwa kuliko yote: ukisikia kelele usiku kwa jirani, usiseme "ni mambo ya watu na ndoa yao". Piga simu. Nambari 1195 ni ya bure, hupokea ripoti za ukatili wa kijinsia saa zote. Kwa watoto ni 116. Ziandike ukutani, kando ya kalenda.

Tunachowaomba waandaaji

Hatusemi tuzo zifutwe. Hapana. Msichana anayekimbia asubuhi kwenda shule akimsikia mtu wa kwao akitajwa redioni, akasikia makofi, anapata kitu ambacho hatuwezi kukipima kwa shilingi. Tumeona watoto wakisimama nje ya duka kusikiliza majina yakisomwa. Hilo tu linatosha kuzifanya tuzo hizi ziendelee.

Tunachoomba ni mambo mawili. Kwanza, wale wasioonekana nao waitwe jukwaani: mwalimu wa shule ya kijijini, mwelekezi wa asiyeona, kocha wa mchezo usio na mashabiki. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki mara mbili katika mita 800, alifunzwa na Colm O'Connell, mmishonari kutoka Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's. Kila bingwa ana mtu wa namna hiyo nyuma yake, na wengi wao hakuna anayejua majina yao.

Pili, wakati mshindi anakabidhiwa kombe, akabidhiwe pia watu wa kumshika mkono mwaka unaofuata: wa kumshauri juu ya pesa, wa kumsomea mikataba, na wa kumsikiliza akisema nyumbani si salama. Mashirikisho ya michezo yana ofisi, yana simu, yana orodha za wanariadha. Mshindi wa mwaka jana apigiwe simu. Aulizwe: uko salama? Shamba lako liko kwa jina la nani? Mguu umepona?

Na sisi tunajiweka kwenye orodha hiyo pia. Redio imezoea kumtafuta bingwa siku ya ushindi, ikampigia simu, ikamcheza hewani, halafu ikamsahau hadi mashindano mengine. Katika usiku wa tuzo ujao tutatangaza washindi kama kawaida. Lakini tumekubaliana hapa studioni kwamba miezi sita baadaye tutawapigia tena, na maswali hayatahusu mbio.

Wewe msikilizaji uliye karibu nao kuliko sisi, huna haja ya kungoja miezi sita. Kama kuna mwanariadha jirani yako, aliyeshinda au aliyeumia na kuacha, pita umsalimie wiki hii.